Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa NACTVET: mhakiki wa ndani apewe saa na mamlaka

Katibu Mtendaji,
Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi,
Dodoma.

Yah: Uthibiti ubora wa ndani wa tathmini katika vyuo vya ufundi stadi

Ndugu Katibu Mtendaji,

Natambua wingi wa majukumu yako, hivyo nitakwenda moja kwa moja kwenye ombi langu. Naomba Baraza litamke, kwa mwongozo unaofungamana na ithibati ya chuo, kwamba mtu anayehakiki tathmini ndani ya chuo cha ufundi stadi aifanye kazi hiyo karakanani wakati tathmini inaendelea, atengewe saa kwenye ratiba kwa ajili hiyo, na awe na mamlaka ya kurudisha uamuzi wa mtathmini kabla matokeo hayajatoka chuoni. Katika vyuo nilivyofundisha umeme wa majumbani, na katika vile nilivyoalikwa kusaidia mitihani ya vitendo, mara nyingi nimeuona uhakiki wa ndani ukiishia kuwa sahihi ya tatu chini ya fomu: mwalimu ametia yake, mkuu wa idara ametia yake, na mhakiki, ambaye wakati mwingine ndiye huyo huyo mkuu wa idara, anatia ya kwake jioni, fomu zikiwa zimeshapangwa kwenye faili.

Tuchukue kazi ndogo kabisa katika fani yangu. Mwanafunzi anayeanza anapewa ubao wa mazoezi, holda ya taa, swichi moja, soketi moja na nyaya za milimita za mraba 1.5 na 2.5, kisha anatakiwa afunge, apime na akabidhi. Akimaliza, mtathmini anabonyeza swichi, taa inawaka, anabonyeza tena, taa inazima, tiki inaandikwa. Lakini taa hiyo itawaka na kuzima vilevile hata kama mwanafunzi ameipitisha swichi kwenye nyutro, waya unaorudisha umeme, badala ya laivu, waya unaouleta, na atakayeijua tofauti ni yule atakayepanda juu ya stuli kubadilisha balbu akiamini kwamba amezima umeme, kumbe holda bado ina volti 230. Itawaka pia hata kama waya wa ethi (wa ardhini, wa usalama) wa soketi haukufungwa popote. Katika chumba cha pili, mtathmini mwingine anatoa mita kabla ya kuwasha chochote, anapima mwendelezo wa ethi, anapima kwa mega, kipimo cha volti 500, kama insulesheni ya nyaya haivujishi umeme, anahakikisha kwamba swichi inakata laivu, ndipo anaruhusu umeme uingie. Wanafunzi wawili wenye kosa lile lile, mmoja anatoka na umahiri na mwingine anaambiwa akarudie.

Hapo hakuna aliyependelea mtu wala aliyekula rushwa. Alikosekana mtu wa tatu ambaye siku chache kabla angewaketisha watathmini hao wawili, akawawekea mbele yao ubao mmoja wenye kosa la makusudi, akamtaka kila mmoja aandike uamuzi wake bila kumtazama mwenzake, kisha akawaacha wabishane mpaka waafikiane ni nini kinakubalika na nini hakikubaliki. Zoezi hilo halihitaji mkopo wala kifaa kipya. Linahitaji mchana mmoja, na mchana huo ndio usiokuwepo kwenye ratiba, kwa sababu mhakiki ana vipindi kamili kama mwalimu mwingine yeyote na uhakiki anaufanya kwa hisani.

Kazi ya mhakiki inapaswa kuanza mapema zaidi ya hapo, kwenye fomu yenyewe. Nimekuta kigezo kimeandikwa kuwa kazi iwe nadhifu na salama, na kisanduku cha kuweka alama ni kimoja. Mtathmini afanye nini mbele ya kazi iliyo nadhifu sana na ya hatari? Mhakiki akiisoma fomu wiki moja kabla ya tathmini, vigezo vitatenganishwa na kila kimoja kitapewa kisanduku chake. Akiisoma baada ya tathmini, hana la kufanya isipokuwa kutia sahihi.

Kisha kuna suala la kazi kuwa ya mwanafunzi mwenyewe, ambalo katika fani nyingine ni zito kuliko kwetu. Gauni lililoletwa kutoka nyumbani kama ushahidi wa umahiri wa ushonaji linaweza kuwa limeshonwa na dada yake mwanafunzi, tena kwa ustadi mkubwa. Kitabu cha kumbukumbu cha mafunzo kazini kinaweza kujazwa siku moja kwa kalamu moja, miezi miwili yote, na kupigwa mhuri na mwenye gereji asiyetaka kumharibia kijana maisha. Mhakiki anayepita kazi zikiwa bado mezani, akamwomba mwanafunzi amweleze kwa nini alikata pindo upande ule, au akampigia simu mwenye gereji kumuuliza kijana alishika kazi zipi, anapata jibu ambalo faili halitampa kamwe.

Simwombi mhakiki akague kila kitu. Hakuna chuo kitakachoweza. Anapaswa kuchagua sampuli, na uchaguzi wenyewe uwe na sababu zilizoandikwa. Mtathmini mpya akaguliwe zaidi ya mkongwe. Moduli inayofundishwa kwa mara ya kwanza iangaliwe kwa karibu, na vilevile maamuzi yaliyokuwa mpakani kati ya kufaulu na kutofaulu, pamoja na kundi ambalo wote wamefaulu kwa alama zinazofanana. Kila mtathmini na kila sehemu ya mafunzo kazini ifikiwe angalau mara moja kwa mwaka. Kuchukua faili tano za juu kwenye rundo si sampuli, kwa kuwa mwalimu mwenyewe ndiye aliyelipanga rundo.

Naandika haya nikijua hali ya vyuo vidogo, na hapa ndipo naomba Baraza litumie muda mrefu zaidi. Serikali imeamua kujenga vyuo vya VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, katika wilaya ambazo hazikuwa navyo, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi navyo vinatoa fani hizi. Katika baadhi ya vyuo hivyo mwalimu wa umeme ni mmoja tu. Yeye ndiye anayefundisha, ndiye anayetunga zoezi, ndiye anayetathmini. Ukimtaka apate mhakiki wa ndani, atampata mwalimu wa useremala. Mwalimu wa useremala anaweza kuthibitisha kwamba utaratibu umefuatwa na kwamba kila mwanafunzi alipewa muda sawa, lakini hawezi kusema kama swichi imekata laivu. Njia iliyo wazi ni kuviunganisha vyuo kwa kanda, ili mwalimu wa umeme wa chuo kimoja awe mhakiki wa chuo jirani katika fani hiyo hiyo, na chuo jirani kimlipie nauli na posho ya siku. Gharama hiyo ipo, sikatai. Hata hivyo ni ndogo kuliko ya kumrudisha fundi chuoni baada ya nyumba kuungua, na ingefaa ionekane kwenye bajeti ya chuo kwa jina lake, isifichwe ndani ya fungu la mitihani.

Shinikizo la matokeo nalo lina nafasi yake. Mkuu wa chuo hupimwa kwa idadi ya wahitimu, na mhakiki ni mtumishi aliye chini ya mkuu huyo. Akirudisha kazi za wanafunzi kumi na wawili wiki ya mwisho ya muhula, anajua atakavyotazamwa kwenye kikao. Ndiyo maana naomba kila chuo kiwe na daftari la maamuzi yaliyorudishwa, likieleza nini kilirudishwa, kwa sababu gani, mtathmini alijibu nini na mwisho ulikuwaje, na naomba maofisa wako wanapotembelea chuo waanze na daftari hilo kabla ya kuangalia takwimu za ufaulu. Mhakiki ambaye mwaka mzima hajarudisha hata uamuzi mmoja aombwe maelezo. Huenda chuo chake ni bora kweli. Mara nyingi zaidi atakuwa hajawahi kuingia karakanani. Daftari hilo hilo limlinde pia mwanafunzi anayekata rufaa, kwa sababu mwanafunzi aliyeambiwa hajafikia umahiri mara nyingi haoni pa kwenda isipokuwa kwa mwalimu yule yule aliyemwambia.

Ninachoomba hakijawahi kuwa jambo la ajabu kwingine. Uingereza, ambako vyeti vya NVQ, vya umahiri wa ufundi stadi, vilianza miaka ya 1980, ilifika mahali ikawa na sifa maalumu ya mhakiki wa ndani, tofauti na ile ya mtathmini. Jirani zetu wa Kenya, kupitia baraza la mitaala na tathmini lililoundwa kwa Sheria ya TVET (elimu na mafunzo ya ufundi) ya mwaka 2013, wanatenganisha kazi ya mtathmini, ya mhakiki wa ndani na ya mhakiki wa nje. Kwetu, Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro kipo na kinawajua walimu hawa. Kozi fupi ya wahakiki ingekaa vizuri pale. Nao mafundi wa Keko, Dar es Salaam, na kwingineko, wanaotambuliwa ujuzi walioupata nje ya mfumo rasmi, wanauhitaji uhakiki huu pengine kuliko wanafunzi wa chuoni, kwa sababu hukutana na mtathmini kwa muda mfupi tu, na cheti chao kikitiliwa shaka hawana miaka ya darasani ya kuonyesha.

Wanafunzi waliojiunga na kidato cha kwanza katika mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, Januari 2024 watamaliza kidato cha nne mwaka 2027, na sehemu ya ufundi ya elimu yao itahitaji tathmini ya vitendo katika shule ambazo nyingi hazijawahi kuwa na karakana, sembuse mhakiki. Naomba mwongozo huu utolewe mapema, ujaribiwe kwanza katika kanda moja kwa fani mbili au tatu, na matokeo ya jaribio hilo yatangazwe, pamoja na idadi ya maamuzi yaliyorudishwa, kabla wanafunzi hao hawajaitwa kufanya tathmini yao ya mwisho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa umeme wa majumbani