Tuulize maswali kabla ya kuamini utabiri wa matetemeko

Mhariri,

Wanafunzi wangu wa fizikia hapa Subukia wamenijia na ujumbe unaosambazwa kwa simu, unaodai kwamba tetemeko la ardhi sasa linaweza kujulikana siku kadhaa kabla kwa kupima umeme wa ardhini. Kwetu jambo hili si dogo, kwa kuwa tetemeko la tarehe 6 Januari 1928, lenye ukubwa wa takriban 6.9, lilipasua ardhi papa hapa, kandokando ya mteremko wa Marmanet.

Dai lenyewe ni la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wagiriki watatu, Varotsos, Alexopoulos na Nomicos, walifukia elektrodi ardhini na kupima mabadiliko madogo ya volteji, wakieleza kwamba miamba iliyobanwa mno hutoa umeme kabla ya kuvunjika. Njia hiyo iliitwa VAN, kwa herufi za mwanzo za majina yao. Kwamba kitu kigumu kikibanwa huweza kutoa umeme hakuna anayelikana. Kiwashio cha jiko la gesi hutoa cheche kwa kanuni iliyo karibu na hiyo. Ubishi ni kama umeme huo unaweza kusafiri makumi ya kilomita ardhini, ukatambulika katikati ya kelele za viwanda, mitambo ya redio na nyaya za stima, na ukatuambia jambo la kutufaa.

Hapo ndipo wakosoaji waliposhika, na mwaka 1996 jarida la Geophysical Research Letters lilitenga toleo zima kwa mjadala huo. VAN ilihesabu utabiri kuwa umetimia hata kama kitovu kilikosewa kwa kilomita 100 na ukubwa kwa 0.7. Ukichora duara la kilomita 100 kutoka mjini Nakuru, utazingira Naivasha, Nyahururu, Marigat na hata Kericho. Nayo tofauti ya 0.7 ni nguvu iliyozidi takriban mara 11. Katika nchi inayotikisika mara kwa mara kama Ugiriki, utabiri mpana kiasi hicho, unaosubiriwa kwa wiki kadhaa, huweza kutimia kwa bahati tu. Watetezi wake walijibu kwamba mafanikio yao yalizidi bahati, na ni haki wasikilizwe, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wao.

Mimi mwenyewe nimeshawishiwa zaidi na yaliyotokea Parkfield, California. Wataalamu walitega vyombo vya kila namna mahali hapo, vikiwemo vya kupima umeme na sumaku, wakitarajia tetemeko kabla ya mwaka 1993. Lilikuja Septemba 2004, likiwa na ukubwa wa 6.0, na vyombo hivyo havikuonyesha dalili ya wazi ya kulitangulia.

Mhariri, sikuombi uzifungie milango habari za utafiti huu, maana vijana wangu wanazihitaji. Ninachokuomba ni kwamba kila mnapochapisha utabiri, mtaje mahali, ukubwa na siku ya mwisho aliyoiweka mtabiri, na siku hiyo ikipita mrudi kutueleza kilichotokea, hata kama ardhi haikutikisika.

Mwalimu wa fizikia,
Subukia, Nakuru