Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi. Hesabu nazipitia haraka, mweka hazina alishazituma kwa kila mtu, michango imeingia vizuri kuliko mwaka jana na wanaodaiwa wanajijua, wamalizane naye. Kikao kimoja hatukukaa kwa sababu wengi tulikuwa msibani, na huo msiba ndo nataka kuuongelea leo.

Tumempoteza dada yetu, nesi wa kujitolea. Wengi wenu mlimjua kama yule mama wa sokoni anayeuza migebuka, ila wa zamani tunajua alikuwa Kagunga, kile kijiji cha Kigoma mpakani na Burundi, mwaka 2015. Mwezi wa nne mwaka ule Burundi kulichafuka, watu wakamiminika Kagunga, na mnaijua Kagunga, mbele ziwa nyuma milima, barabara ya gari hakuna. Maelfu wamelala ufukweni, wanakunywa maji ya ziwa hilohilo wanalojisaidia pembeni yake, kipindupindu kikaingia. Kufika tarehe 22 Mei UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walitaja wagonjwa kama 3,000 na vifo 31, wawili ni wenyeji wetu.

Yeye hakuwa na ajira wakati huo, alichukua gambuti zake za shambani akapanda boti akaenda. Nilimpigia simu arudi, ana watoto wadogo, akanijibu kaka niache kwanza, mshipa nimeupata sasa hivi, nikiendelea kuongea dripu itachomoka. Akakata.

Baadaye ndo akanisimulia. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa, asubuhi kaja anatembea, mchana macho yamezama, ukimfinya ngozi inabaki imesimama, na mishipa imejificha kabisa, hapo ndo unatafuta mshipa wa mtoto kwa tochi ya simu. Kitanda kimetobolewa katikati, chini ndoo, na ile ndoo hamwagi mtu mpaka uipime ujue maji kiasi gani ya kumrudishia. Anayeweza kunywa anapewa ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, zikiisha unakoroga mwenyewe, maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kufuta, chumvi nusu kijiko cha chai, unamnywesha kidogokidogo usiku kucha hata akitapika. Kiha chake kilisaidia mno maana Kirundi wanasikilizana, wamama walikuwa wanamwita yeye hata kama zamu si yake. Meli ya Liemba ikija kuwahamisha haigusi ufukwe, inasimama mbali, wagonjwa na watoto wanapelekwa kwa mitumbwi, na inabeba kama watu 600 tu, yeye anabaki na waliobaki.

Aliporudi mikono imechanika kwa klorini, majirani wanamkwepa bombani, na mimi nakiri hata kwangu tulichelewa kumkaribisha. Inaniuma mpaka leo.

Sasa msibani tukawa tunaandika wasifu wake, tukatafuta karatasi yoyote inayoonyesha alifanya ile kazi, barua, cheti, hata orodha ya posho. Hakuna. Waliompokea kule walimwambia jina litaandikwa, halikuandikwa, na posho hakupata. Mchungaji akasoma alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mstari mmoja, nikashindwa kukaa nikatoka nje.

Hili kamati imelikataa lisijirudie. Tumenunua daftari kubwa la jalada gumu. Kila aliyejitolea kwenye mlipuko wowote, Kagunga, pale uwanja wa Lake Tanganyika wakimbizi walipokuwa wanafikia, kambi ya Nyarugusu, kipindi cha Corona, aje aandikwe jina, sehemu, mwezi na alichofanya, na mashahidi wawili wasaini. Aliyebeba maji na aliyezika nao waje, sio manesi peke yao. Mwenye mzazi mgonjwa nyumbani aseme, tutamfuata na daftari hukohuko.

Katibu atakuwepo Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Ukurasa wa kwanza tumeshamwandika yeye, wanae wawili wakubwa wamesaini.