Usiikimbie fizikia kabla sijafika nyumbani

Tunduma, Jumatano usiku

Mwanangu mpendwa,

Marahaba kwa shikamoo yako ya asubuhi. Niko kwenye usukani tangu saa tano, foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, haijasogea hata urefu wa tela moja, na utingo amelala fofofo. Nikaona nichukue daftari la safari nikuandikie. Kwenye simu kila ninachosema unajibu "sawa baba", nikikata sijui kimebaki nini. Hii nitaipiga picha niitume kwa WhatsApp, na mama yako aisome.

Ameniambia unataka kuingia Selform, ule mfumo wa mtandaoni wa kuchagulia masomo na shule za kidato cha tano, utoe PCB (fizikia, kemia, baiolojia) uweke CBG (kemia, baiolojia, jiografia), kwa kuwa jiografia una B na fizikia una C. Na kwamba wale rafiki zako wawili nao wameweka CBG. Hesabu yako naielewa. A ya baiolojia pointi 1, B ya kemia 2, B ya jiografia 2, jumla 5. Ukiweka fizikia ya C, yenye 3, zinakuwa 6, na pointi chache ndizo bora. Kwa kuangalia hivi hivi, CBG ndiyo imekaa vizuri.

Ila mwaka mzima uliopita wimbo wako ulikuwa famasi. Tangu bibi yako aanze dawa za presha, wewe ndiye unayesoma vile vikaratasi vya ndani ya boksi na kumwambia asichanganye hiki na kile. Sasa jana Mbeya, pale tunapokula, nimekaa meza moja na kijana anayesoma MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Nikamuuliza. Akafungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwenye simu yake akanionyesha mwenyewe: shahada ya famasi wanataka prinsipo tatu, yaani ufaulu wa A hadi E wa kidato cha sita, kwenye fizikia, kemia na baiolojia. Udaktari wa binadamu ni yale yale. Jiografia haimo. Ungeweza kupata A tatu za CBG, ukapigiwa vigelegele mtaa mzima, na famasi usiingie.

Usidhani naidharau CBG. Hapo Morogoro kwetu, Chuo cha Sokoine kimejaa watu wa CBG kwenye kilimo, misitu na wanyamapori, na wako vizuri. Ungeniambia unataka misitu ningenyamaza, ningekutafutia na buti. Wewe hujaniambia misitu. Umemwambia mama yako "fizikia ya kidato cha tano inatisha".

Mimi niliiacha fizikia nikiingia kidato cha tatu. Hujawahi kunisikia nikilisema hili kwa sababu si jambo la kujisifu. Mwalimu alikuwa mkali, mimi nilikuwa mwoga, na niliyekaa naye dawati moja alikuwa anaiacha, basi nikaiacha naye. Siku ile nilirudi nyumbani mwepesi kama nimetua gunia. Nilipomaliza kidato cha nne nikapeleka maombi chuo cha ufundi, nikitaka umakanika wa magari. Barua ikarudi na sababu moja tu: huna fizikia. Nikaanza utingo.

Na unajua nini, fizikia yenyewe haikuniacha. Kila nikiteremka mlima Kitonga na mzigo naisoma upya. Lori linaposhuka, ile nguvu yote ya kuporomoka lazima iende mahali. Ukikanyaga breki mfululizo inageuka joto, ngoma zinawaka, breki hazishiki tena, ndipo unaona malori yamelala korongoni. Ndiyo maana tunashuka na gia nzito, injini ndiyo ishike. Wazee wa barabara walinifundisha hivi kwa matusi. Mwalimu wako angekufundisha kwa dakika arobaini na mchoro ubaoni. Siamini kwamba mtoto aliyepata C bila tuisheni, kwenye shule ambayo mwalimu wa fizikia alihama katikati ya mwaka, hana kichwa cha somo hili.

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Kijana yule alinieleza mambo ambayo sikuyajua. Mnaanza Julai, na mtihani wa kidato cha sita ni Mei, kwa hiyo hiyo "miaka miwili" ni miezi ishirini na kitu, ukitoa likizo ni pungufu. Ukifika huko, hesabu ya pointi inageuka kichwa chini. NECTA, Baraza la Mitihani, wanapopanga divisheni A ni 1, lakini TCU wanapodahili A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Ukipata S, ile iliyo chini ya E, umekosa prinsipo ya somo hilo. Mtu anaweza kuwa na A ya baiolojia na B ya kemia, S ya fizikia ikamfungia famasi. Kwa hiyo sikuambii ujaze PCB halafu uifiche fizikia chini ya godoro.

Na kama unakimbilia CBG ukidhani umeagana na namba, BAM, lile somo la hesabu za msingi, inakusubiri kote kuwili. Nilicheka aliponiambia.

Kitu ninachotaka ukiangalie kuliko hizo pointi ni shule. Kila somo la sayansi lina karatasi ya tatu, ya vitendo, na shule isiyo na vifaa inawashikisha wanafunzi vifaa hivyo wiki za mwisho. Kwenye machaguo yako usiweke shule kwa sababu ya sare. Mtafute dada yule wa jirani aliyemaliza mwaka jana, muulize maswali mawili tu: walimu wa fizikia ni wangapi, na mliingia maabara mara ngapi kwa mwezi. Akisita kujibu, shule hiyo tuipeleke chini kwenye orodha.

Kuhusu ada ya chuo kikuu, hilo si lako. Kuna mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na tangu 2022 kuna Samia Scholarship kwa wanaofanya vizuri sana kwenye sayansi kidato cha sita, lakini sitaki usome ukiiwazia hiyo.

Na kama ukikaa ukaona kweli kidato cha tano hukitaki, niambie hivyo hivyo. Ipo diploma ya famasi, miaka mitatu, unaingia na hivyo vyeti vya kidato cha nne, na mwenye GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.0 kwenda juu anaweza kuombea digrii baadaye. Mama yako anaiona kama kushuka. Mimi siioni hivyo, na nitaongea naye. Ila hata ukiombea digrii kwa njia hiyo wanaangalia fizikia yako ya kidato cha nne, na wewe unayo. Hiyo C unayoionea aibu, mimi ningekuwa nayo ningeiweka kwenye fremu.

Mbele naona taa zinawaka, wameanza kuita magari. Nikishusha Lubumbashi nageuza, nikifika nyumbani tutakaa mezani na huo mwongozo wa TCU. Dirisha la kubadili bado liko wazi, usibonyeze chochote. Nenosiri la Selform uliliandika nyuma ya kalenda ya jikoni, mwambie mdogo wako asiichane kuwashia mkaa.

Baba yako