Sarafu ya Malkia si lazima iwe ya madini ya fedha

Wiki hii tena mteja ametoka amenuna dukani kwetu, tunakonunua sarafu. Alileta sarafu ya St Helena, kisiwa cha Waingereza katika Atlantiki, ya 1977, ya Jubilei ya miaka 25 ya utawala wa Malkia Elizabeth II, aliyoachiwa na marehemu ami yake baharia. Tulipomtajia bei akasema tunamwibia: kwa sonara imepimwa gramu 28.28, sawasawa na ya fedha aliyoiona mtandaoni.

Uzito huo ni wa kweli. Lakini sarafu hizi zilitolewa za aina mbili, fedha 925 (sehemu 925 za fedha kati ya 1000) na mchanganyiko wa shaba na nikeli, zote gramu 28.28, upana mmoja, picha moja. Sumaku nayo hainasi yoyote. Sonara hana kosa, mizani peke yake haijui. Sisi tunaweka bilauri ya maji juu ya mizani, tunairudisha sifuri, kisha tunaining'iniza sarafu majini kwa uzi bila kugusa chini. Mizani husoma maji yanayosukumwa na sarafu: ya fedha kama gramu 2.7, ya nikeli kama 3.2. Yake ilisoma 3.2 mbele ya macho yake. Ada ya kipimo hiki ni shilingi 300, ukituuzia tunakurudishia.

Wengine husema: "Kisiwa kidogo, basi ni adimu!" Sivyo, jamani. Kisiwa cha Tristan da Cunha, nacho cha Waingereza, kina watu wasiofika 300, na hutumia pauni ya Uingereza, ila nacho kilitolewa sarafu ya Jubilei ile ile. Walengwa ni wakusanyaji wa ng'ambo.

Bei za eBay, soko la mtandaoni, mnazotuonyesha ni za anayeomba. Tazameni zilizouzwa kweli, ndipo mtugombeze.

Kinachotuuma zaidi ni kusugua. Mama mmoja alikuwa na ya fedha hasa, ya 1980, ya kutimiza miaka 80 kwa Mama Malkia, mamake Elizabeth. Ilikuwa imeingia weusi kidogo ukingoni. Kabla ya kuja akaitoa kwenye kasha, akaipiga dawa ya meno. Pale pembeni mwa picha ya kichwa palipong'aa kama kioo pakajaa mikwaruzo ya kuzunguka, hata bila lenzi unaiona. Mkusanyaji hainunui tena hiyo. Tulimlipa kwa uzito wa fedha tu, naye akaona tumempunja.

Ikiwa nyeusi, iacheni. Ileteni na kasha lake na cheti kama kipo, au tumeni WhatsApp picha za pande zote mbili na ukingo.