Barua ya malalamiko: Mlibomoa nyumba yangu kwa ripoti ya nyumba nyingine

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Ubomoaji.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUBOMOLEWA KWA NYUMBA YANGU BILA KUONDOA ASBESTO NA RANGI YENYE MADINI YA RISASI, NA DAI LENU LA MALIPO YA NYONGEZA

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ndiye mteja wenu wa ile nyumba ya chini, ya vyumba vinne, iliyojengwa miaka ya 1960, ambayo mafundi wenu waliibomoa Jumamosi na Jumapili. Nimepokea barua yenu inayonitaka niongeze theluthi mbili ya bei ya mkataba kwa maelezo kwamba "taka hatari zimegundulika ndani ya kifusi". Sitalipa, na sababu nazieleza hapa. Naomba uisome barua hii wewe mwenyewe, kwa kuwa simu zangu zimeshapokewa na watu watatu ofisini kwenu na kila mmoja alinipa hadithi yake.

Nianze na namna nilivyowapata. Niliita wakandarasi watatu. Wawili waliizunguka nyumba mara moja, wakataja bei na siku ya kuleta kijiko. Mtu wenu ndiye pekee aliyeuliza nyumba ilijengwa mwaka gani, akatazama paa, akagusa rangi ya fremu za madirisha kwa ukucha, akasema nyumba za umri huu hazibomolewi kabla ya kuchunguzwa. Bei yenu ilikuwa ya juu kuliko za wenzenu wote. Niliikubali kwa sababu ya swali lile moja. Kipengele cha nne cha mkataba kinasema mkandarasi atachunguza vitu vya hatari, ataviondoa, ndipo abomoe. Kwa kipengele hicho nililipa asilimia 40 ya fedha zote kabla nyundo haijainuliwa.

Ripoti ya uchunguzi mliniletea siku nne baadaye. Ukurasa wa kwanza una jina langu na namba ya kiwanja changu. Hapo kosa ni langu na ninalikiri: nilisoma ukurasa huo na ule wa mwisho wenye neno "salama", nikasaini kwamba nimeipokea. Kurasa za katikati nimezisoma juzi, usiku, baada ya kupata barua yenu. Ukurasa wa tatu unasema sampuli moja ilichukuliwa "chini ya ngazi ya kupandia ghorofani". Ndugu Mkurugenzi, nyumba yangu haikuwa na ghorofa. Ngazi pekee iliyowahi kuwemo ni ile ya mbao tuliyoegemeza ukutani wakati wa kubadilisha balbu. Ukurasa wa tano unataja vyoo vitatu, mimi nilikuwa nacho kimoja. Mliichukua ripoti ya nyumba ya mtu mwingine, mkabadilisha jina mbele, mkaniuzia. Niliuziwa mbuzi ndani ya gunia, na mbuzi mwenyewe ni wa jirani.

Kuhusu paa, ambalo ndilo lililokuwa jambo kubwa kuliko yote, ripoti ina sentensi moja tu: "Kwa kuangaliwa kwa macho, paa ni la saruji ya kawaida." Hakuna mtu duniani anayeweza kusema hivyo kwa macho. Yale mabati ya kijivu yenye mawimbi, ambayo watu huyaita mabati ingawa hayana chuma, kwa kawaida ni saruji iliyochanganywa na asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba zinazodhuru mapafu, mara nyingi asilimia 10 hadi 15. Nyuzi hizo huonekana kwa darubini ya maabara. Sampuli moja ndogo, iliyoloweshwa na kufungwa kwenye mfuko, ingetosha kutupa jibu. Sijaona mtu wenu akipanda kuichukua, na fundi aliyelinda kiwanja wiki ile nzima hajaona pia.

Sasa niseme niliyoyaona Jumamosi. Nilifika saa nne asubuhi. Juu ya ukuta alisimama kijana ambaye sidhani kama amefika miaka ishirini, fulana yake ameivua na kujifunga mdomoni. Alikuwa akipiga paa kwa sururu. Bati lilipasuka kwa mlio mkavu, nusu ikadondoka ndani ya sebule na nusu ikabaki imening'inia kwenye msumari. Pale lilipovunjika, ukingo haukuwa laini kama saruji inavyovunjika. Ulikuwa na manyoya meupe, kama kamba ya katani iliyokatwa kwa kisu butu. Vumbi likapanda taratibu, likavuka ukuta, likatua kwenye nguo alizoanika mama jirani. Nilimwita msimamizi wenu. Alinijibu kwa upole kabisa, "Mzee, usiwe na wasiwasi, hilo ni vumbi la saruji tu." Bomba la maji lilikuwa hatua kumi kutoka aliposimama, mpira wake umeviringishwa vizuri na hata tone halijapita ndani yake.

Jioni yule kijana alipewa ufagio, akafagia varanda. Ufagio mkavu. Kati ya yote, hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu mengine mnaweza kusingizia haraka ya kazi, lakini hakuna haraka inayomlazimisha mtu kufagia asbesto.

Ninyi mnaijua kazi hii kuliko mimi, kwa hiyo sitawafundisha. Nitawakumbusha tu kile mtu wenu aliyegusa rangi kwa ukucha alichonieleza akiwa amesimama mlangoni kwangu. Alisema bati la asbesto likiwa zima na limetulia, nyuzi zimeshikwa na saruji na haziwezi kumdhuru mtu kirahisi. Hatari huanza linapovunjwa, linapokatwa kwa msumeno au kutobolewa. Kwa hiyo hulowanishwa kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo ili yapenye, misumari na bolti hulegezwa moja moja, bati hushushwa zima mkononi, bila kutupwa wala kuburutwa. Huviringishwa kwa nailoni nzito mara mbili, hubandikwa alama ya hatari, hupelekwa kwenye dampo lenye kibali cha kupokea taka za aina hiyo. Mafundi huvaa ovaroli za kutupwa na barakoa zenye kichujio cha vumbi laini kabisa. Kitambaa hakizuii kitu. Maneno haya ni yake, na niliyaamini hadi nikatoa fedha.

Mnajua pia kwa nini. Nyuzi zenyewe ni nyembamba mno, hukaa hewani kwa saa nyingi, na zikishaingia kwenye mapafu haziyeyuki. Saratani ya mapafu na ile ya utando unaozunguka mapafu, mesothelioma, inaweza kujitokeza miaka 20, 30, hata 40 baadaye. Yule kijana atakapoanza kukohoa, mkataba wangu nanyi utakuwa umeshaliwa na mchwa na hakuna atakayekumbuka alivuta vumbi la nyumba gani.

Turudi kwenye madirisha. Fremu zile zilipakwa rangi mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, na zile za chini ni za enzi ambazo risasi ilitiwa kwenye rangi kama kawaida. Jumapili mafundi wenu walizirundika kwenye kona ya kiwanja wakazichoma. Pamoja nazo walichoma nguzo za varanda, zile zenye rangi ya kijani kibichi inayoonyesha kwamba mbao imetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Moto hauchomi risasi ikaisha, wala aseniki. Sehemu hupanda na moshi, sehemu hubaki kwenye majivu, na majivu yale sasa yamelala futi chache kutoka ua ambao mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka miwili, hukaa kuchezea udongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichokimeza. Sijui nimweleze nini mama yake. Kwa sasa nimemwambia amtoe mtoto upande ule, akaniuliza hadi lini.

Tyubulaiti nazo, zenye zebaki, zilivunjwa zikiwa zimefungwa darini. Choki zake kuukuu, vile vifaa vya kudhibiti umeme wa taa, ambazo za umri ule huweza kuwa na mafuta ya PCB, kemikali yenye sumu, nimeziona kwenye kifusi. Hilo naliacha hapo.

Sasa dai lenu. Kwenye ripoti, nyumba haikuwa na asbesto. Kwenye barua ya kudai fedha, asbesto ipo, tena nyingi. Mlipokuja kubomoa haikuwepo, mlipokuja kutoza ikawepo. Nawaomba mchague moja. Kama ripoti ni ya kweli, hakuna cha kunitoza. Kama barua ni ya kweli, ripoti mliyolipwa kuitengeneza haikufanya kazi yake, na gharama ya kosa hilo haiwezi kuwa yangu.

Na ukubwa wa gharama hiyo mmeusababisha wenyewe. Kabla ya Jumamosi, taka hatari katika nyumba ile zilikuwa paa, fremu na vitu vichache vidogo. Mabati yote yakishushwa mazima na kupangwa, yangeenea kwenye lori moja. Matofali, zege na kokoto vingekwenda kama kifusi cha kawaida, vingine hata kuuzwa. Baada ya kulivunjia paa ndani ya nyumba na kusukumia kuta juu yake kwa kijiko, rundo zima limechafuka na haliwezi tena kuhesabiwa kuwa kifusi safi. Lori moja limegeuka sita au saba. Hiyo ndiyo theluthi mbili mnayonidai: tofauti kati ya kazi mliyoahidi na kazi mliyofanya.

Nimesema sita au saba kwa sababu malori mawili yalishaondoka Jumapili jioni. Dereva wa mojawapo alimwambia fundi wangu kwamba mzigo unakwenda kwa mtu anayejazia kiwanja. Nimeuliza ofisini kwenu mara mbili ni kiwanja gani. Mara ya kwanza niliambiwa ni dampo, mara ya pili niliambiwa dereva yuko likizo. Kama ni kweli kimejaziwa kiwanja cha mtu, basi huko kuna mwenye nyumba mwingine atakayechimba msingi siku moja na kukuta vipande vya paa langu.

Ili nisije nikasingiziwa, sikugusa rundo. Niliita maabara, wakatuma mtu wao, akachukua vipande vitatu mbele ya mjumbe wa eneo na fundi wangu. Vyote vitatu vina krisotile, yaani asbesto nyeupe. Nakala ya majibu nimeiambatanisha, pamoja na ripoti yenu ambayo nimeizungushia kalamu nyekundu kila mahali inapotaja ngazi.

Ninachotaka ni hiki. Mfute dai la malipo ya nyongeza kwa maandishi. Rundo liondolewe kwa gharama zenu, likiwa limeloweshwa na kufungwa, na kampuni yenye kibali cha asbesto ambayo si yenu, nami nipewe stakabadhi ya dampo lililolipokea kwa kila lori. Nioneshwe mahali yalikoshushwa yale mawili ya Jumapili, na mwenye kiwanja hicho aambiwe ukweli na mzigo uondolewe huko pia. Udongo wa kona ile ya moto, upande wangu na upande wa jirani, upimwe risasi na aseniki na maabara nitakayoichagua mimi, na ukikutwa umechafuka uchimbwe na kubadilishwa. Hewa ipimwe kabla sijaanza kujenga. Na asilimia 40 niliyolipia uchunguzi irudishwe yote, kwa kuwa uchunguzi haukufanyika.

Lipo jingine lisilo la kwangu, lakini nitaliuliza. Yule kijana wa fulana na wenzake watatu wanastahili kuambiwa walichokivuta, jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za afya zao, na wapelekwe kwa daktari kwa gharama ya mwajiri wao. Nilipomuuliza kijana mwenyewe kama anajua paa lile ni la nini, alicheka, akasema la zamani.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila majibu ya maandishi, nitaipeleka pamoja na viambatisho vyote kwa mamlaka ya mazingira na kwa wakaguzi wa usalama kazini, ambao nakala za awali wanazo tayari, kisha mahakamani.

Kwa sasa rundo nimelifunika kwa turubai mbili na ninalinyunyizia maji asubuhi na jioni, kwa pua iliyofunikwa kama inavyotakiwa. Geti nimelifunga na ufunguo ninao mimi. Atakayetumwa kuja kuangalia anipigie kwanza, na aje na barakoa ya kweli, kwa kuwa asiye nayo sitamfungulia.

Wako,

(Sahihi)
Mteja wenu, mwenye kiwanja

Nakala: Mamlaka ya mazingira, Ofisi ya ukaguzi wa usalama kazini, Jirani wa upande wa ua.