Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Intaneti ya Pamoja ya Jengo Letu, Kariakoo

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua. Faiba, yaani intaneti yetu ya waya, ililipiwa miezi yote 12, waya wa ghorofa ya nne ulibadilishwa, rambirambi zilitolewa kwa wafiwa wawili na kamati ilikaa vikao 9. Nitumie muda uliobaki kwa lile linalosemwa kila siku kwenye ngazi: ruta mpya, kile kisanduku cha kugawa intaneti, yenye laini mbili za simu.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya intaneti ya baharini inayohudumia ukanda wetu ilikatika upande wa Afrika Kusini. Jumatatu yake hamkuniacha nipumue. Faiba yetu ilikuwa imelala. Kwenye simu, mtandao mmoja haukuwepo kabisa, mwingine ulikuwa unasuasua lakini ujumbe unafika. Hapo ndipo niliposema faiba peke yake haitutoshi, tuichanganye na laini za mitandao miwili tofauti.

Wapo wanaodai nilinunua bila idhini. Kikao cha Juni kiliitishwa mara mbili. Mara ya pili walikuja 11 kati ya wanachama 46, na katiba yetu inairuhusu kamati kuamua hali ikiwa hivyo. Bei ilikuwa shilingi 780,000. Kati yake 350,000 nilizitoa mfukoni mwangu, na hadi leo nimerudishiwa 200,000. Risiti anazo mweka hazina.

Mnauliza pia kwa nini ruta ipo dukani kwangu. Ipo pale kwa sababu dirisha langu linatazama mnara wa simu. Tuliijaribu kwenye korido, zege na nondo zikala mawimbi yote.

Lawama kubwa ni kwamba niliahidi kujumlisha kasi, na kasi haikujumlishwa. Ndugu zangu, niliahidi kugawa mzigo. Mtu mmoja anayepakua faili moja hupita njia moja tu, faiba au laini. Ukiigawa simu ya video vipande vipande na kuipitisha njia mbili, vipande vya njia ya haraka vinavisubiri vya njia ya polepole, na picha inaganda. Kuunganisha njia kikamilifu kunahitaji seva, yaani kompyuta ya kupokea na kuunganisha vipande, nje ya jengo, inayolipiwa kila mwezi, na michango yenu haifiki huko. Tulichofanya ni kuwagawa watumiaji kwenye njia zote tatu. Wanaoingia kwenye mifumo ya benki tumewafunga kwenye faiba, kwa sababu kila njia ina anwani yake ya intaneti, na anwani ikibadilika katikati ya muamala, mfumo humtoa mtu nje. Mchana laini hupungua nguvu, maana mnara ule tunagawana na Kariakoo nzima. Ndiyo sababu saa 4 hadi saa 10 kila duka lina kiwango chake cha matumizi. Kiwango hicho kinanibana na mimi.

Jambo linaloniumiza kweli ni ruta binafsi ambazo watu wamejiwekea wenyewe. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli, yaani njia za mawimbi ya Waifai, tatu tu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11. Fundi alihesabu ruta 19 ghorofa ya pili pekee, zote zikipigiana kelele. Halafu Waifai ikigoma anapigiwa mwenyekiti, hata saa 4 usiku. Nimekuwa nikipokea.

Michango: iliyotarajiwa ni shilingi 5,520,000, iliyokusanywa ni 3,410,000. Wanachama 17 wanadaiwa, na baadhi yao ndio wanaolalamika zaidi. Majina sitayasoma leo, ila mweka hazina anayo.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatumaini kupata faiba ya pili kutoka kampuni nyingine na kuwahamishia wengi kwenye masafa ya gigahezi 5, yenye chaneli nyingi zaidi. Itategemea hayo madeni. Nawaomba wadaiwa wasiondoke kabla ya kuonana na mweka hazina. Amekaa karibu na mlango.

Mwenyekiti