Tusiyakimbizie matunda kwenye friji

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili la matunda maana linaniuma kweli, watu wananunua matunda mazuri kabisa halafu yakifika nyumbani tu yote ndani ya friji, embe, ndizi, parachichi, nanasi, bila hata kuangalia lipi limeiva na lipi bado.

Matunda hayafanani jamani. Embe, ndizi, papai na parachichi yanaendelea kuiva hata yakishachumwa, yenyewe yanatoa gesi inaitwa ethilini ndo inayoyaivisha, na parachichi ndo kabisa, likiwa mtini linakomaa tu ila halilainiki mpaka lichumwe. Sasa embe bichi likikaa kwenye baridi chini ya nyuzi 10 linaumia, ukija kulitoa haliivi tena vizuri na utamu wake huupati. Liache nje. Kama una haraka lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, ile gesi inabaki humo humo na linawahi. Rangi isikudanganye, kuna embe linabaki kijani mpaka mwisho, we nusa pale kwenye kikonyo, ukisikia harufu tamu na ukibonyeza taratibu linabonyea basi ndo lenyewe. Kwangu mimi hakuna tunda kama embe, na nalila kwa mkono, namenya nang'ata mpaka kwenye kokwa juisi inachuruzika hadi kwenye kiwiko, kulikatakata na kulila kwa uma naona ni kulionea.

Nanasi, machungwa, zabibu na tikiti hayo hayaongezi utamu yakishachumwa, kwa hiyo kazi yote iko kwenye kuchagua. Tikiti ligeuze uangalie pale lilipolalia chini shambani, pakiwa na doa la njano iliyokolea chukua, pakiwa peupe achana nalo. Hili sasa weka kwenye friji lipoe, ila lisiwe barafu maana ulimi ukishapoa sana hausikii utamu. Nanasi utamu mwingi uko upande wa chini kwenye kitako, na kama linakuwasha ulimi ni bromelini hiyo, kimeng'enya kinachovunja protini, nyunyiza chumvi kidogo tu uone linavyobadilika.

Na pasheni zilizokunjamana ganda msizitupe, nawaomba, hizo ndo tamu zenyewe, zile zinazong'aa mara nyingi bado zina ukali.

Msomaji wako, mpenda matunda